Kabla ya Kulipa, Isomeni Shingo ya Farasi

Ndugu mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mabandani na buti zenu za matope: wakubwa shikamooni, na waliobaki nawasalimu kwa heshima zote. Ahsanteni kwa kunialika.

Mwenyekiti aliponipigia simu alinieleza kwamba familia kadhaa humu ukumbini ama zimekwisha kununua farasi wao wa kwanza, ama zimeweka fedha pembeni na zinamtafuta. Akaniomba mimi, daktari wa mifugo ninayezunguka mabanda ya huku England, nizungumzie teknolojia, hasa chipu. Basi nianze na lile ambalo ningependa kila mtu aende nalo nyumbani hata akilazimika kutoka kabla sijamaliza. Chipu iliyo shingoni mwa farasi ni namba tu. Jina lako halimo, anwani yako haimo, umri wa farasi haumo. Namba hiyo hupata nguvu pale ilipoandikishwa kwa jina la mwenye farasi wa leo, na pale anapotokea mtu mwenye skana akaisoma. Kimoja kikikosekana, farasi wako ana kioo shingoni na basi.

Wengi mnaijua chipu kwa sababu mbwa na paka wa huku wanazo. Ya farasi ni ile ile. Ni kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, na ndani yake mna kipande kidogo cha elektroniki pamoja na koili ya waya mwembamba. Betri haina. Skana ikisogezwa karibu hutoa mawimbi ya redio, koili huyapokea na kuyageuza kuwa umeme kidogo, na umeme huo hutosha kuifanya chipu itaje namba yake ya tarakimu 15. Skana ikiondolewa, chipu hunyamaza. Kwa kuwa hakuna kinachokwisha ndani yake, chipu nzuri humsindikiza farasi maisha yake yote. Inafanya kazi kwa kilohezi 134.2, kwa kufuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, na kwa hiyo farasi aliyewekewa chipu Ireland anasomeka Dubai, anasomeka na Nairobi, mradi skana ya huko inafuata viwango hivyo hivyo.

Mahali pake ni upande wa kushoto wa shingo, katikati kati ya kisogo na pale mabega yanapokutana, chini kidogo ya mstari wa manyoya marefu ya shingoni. Hapo pana kano nene inayobeba uzito wa kichwa. Chipu hutuama ndani ya kano hiyo, ndiyo maana haihamihami kama inavyoweza kuhama ikiwekwa chini ya ngozi peke yake. Kwa sheria za huku, kumdunga farasi chipu ni kazi ya daktari wa mifugo. Muuzaji akikwambia “nitamwekea mwenyewe, nina sindano”, mwambie hapana.

Najua akina mama wawili watatu humu wameniuliza mlangoni kama inauma, kwa hiyo niwaeleze nifanyavyo. Kwanza napitisha skana shingo nzima, kushoto na kulia, kuhakikisha hana chipu nyingine. Farasi mmoja kuwa na namba mbili ni mwanzo wa utata usiokwisha. Kisha naisoma chipu mpya ingali ndani ya sindano, nalinganisha na stika zake zenye msimbopau. Nasafisha manyoya na ngozi kwa dawa. Mtu aliyemshika farasi anaendelea kumsemesha. Mimi nafinya ngozi kidogo, naingiza sindano, nabonyeza, natoa. Wengi hushtuka mara moja tu, wengine hawaachi hata kutafuna nyasi. Namalizia kwa kuisoma tena ikiwa ndani ya shingo, na hapo ndipo stika inapobandikwa kwenye pasipoti ya farasi, yaani kijitabu chake cha utambulisho. Uvimbe mdogo ukitokea, kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Ukizidi, au ukitoa usaha, nipigieni.

Sasa niondoe dhana moja ninayokutana nayo karibu kila wiki. Chipu haikuonyeshi farasi wako yuko wapi. Haizungumzi na setilaiti, haizungumzi na simu yako. Skana yenyewe lazima iwe sentimita chache tu kutoka shingoni.

Wazee humu wanalikumbuka jina la Shergar. Alikuwa farasi wa Aga Khan, huyu huyu ambaye jina lake tunalisoma kwenye hospitali za Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1981 Shergar alishinda Derby ya Epsom, mbio mashuhuri za farasi za huku England, kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi kumi. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983, watu wenye silaha waliofunika nyuso zao waliingia shamba la Ballymany, County Kildare, Ireland, wakampakia kwenye trela wakaondoka naye. Hakupatikana tena, wala mabaki yake hayakupatikana. Alikuwa na paji jeupe na miguu minne yenye soksi nyeupe, na kwa muda mrefu watu walipiga simu kutoka kila upande wakidai wamemwona farasi wa sura hiyo. Tuseme Shergar angekuwa na chipu usiku ule. Isingemwita mtu, isingeonyesha trela ilikoelekea. Lakini kila farasi mwenye paji jeupe aliyedhaniwa kuwa yeye angejulikana kwa dakika moja kama ndiye au siye. Kazi ya chipu ni hiyo: kujibu swali la “huyu ni nani?” anapokuwa amesimama mbele yako.

Mnaotaka kujua farasi yuko wapi mtahitaji kifaa kingine, kinachotumia GPS. Siku hizi vipo vya kuvaliwa shingoni au kwenye hatamu, na kwa malisho makubwa yasiyo na uzio imara vina msaada. Ila vinahitaji betri, vinahitaji mtandao wa simu, na mwizi ana mikono ya kukivua. Kwa mtu anayenunua farasi wa kwanza, fedha za kifaa hicho ningezipeleka kwanza kwenye uchunguzi wa daktari kabla ya kununua. Kamera bandani nazo ni nzuri, hasa jike anapokaribia kuzaa. Kuna pia chipu zinazopima joto la mwili, na hizi nazipenda kwa dhati, kwa sababu ukimsoma farasi unapata namba yake na joto lake kwa pamoja. Mwaka 2021 huko Valencia, Hispania, ugonjwa wa virusi vya hepesi ya farasi ulilipuka kwenye mashindano ya kuruka viunzi, na baadhi ya farasi wakafa. Katika mlipuko wa namna ile homa hutangulia dalili nyingine, na banda linalopima joto kila siku hugundua mapema. Anayeweza kuzimudu, azichukue.

Turudi kwenye sheria, na hapa nitapita haraka. England, farasi aliyezaliwa tangu Julai 2009 alitakiwa kuwa na chipu pamoja na pasipoti. Wakubwa kuliko hao waliachwa, mpaka tarehe 1 Oktoba 2020 ambapo sheria iliwafikia wote, wazee kwa watoto, na punda na nyumbu pia. Scotland na Wales zikafuata mwaka 2021. Mtoto wa farasi apate chipu na pasipoti kabla hajatimiza miezi 6, au kabla ya tarehe 30 Novemba ya mwaka aliozaliwa, kutegemea ipi inakuja baadaye. Farasi wadogo wa nusu mwitu wa Dartmoor, Exmoor na New Forest wana utaratibu wao wa pekee wakiwa huko huko porini. Anayekiuka anaweza kutozwa pauni 200. Lakini mimi sikuja hapa kuwatisha kwa faini. Hasara ya kununua farasi asiye sahihi inaipita faini hiyo mbali sana.

Mnaweza kujiuliza serikali imeingiliaje shingo ya farasi wa mtu. Jibu liko jikoni. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba nyama ya farasi imekutwa ndani ya baga zilizouzwa kama za ng’ombe. Nchi za Ulaya zikatikisika. Likazuka jambo jingine zito: farasi wengi hupewa dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni, mabandani wanaiita byuti, na farasi aliyewahi kupewa dawa hiyo haruhusiwi kabisa kuwa chakula cha binadamu. Mizoga 206 ya farasi ilipopimwa hapa Uingereza mapema mwaka huo, 8 ilikuwa na dawa hiyo. Ndipo kamba zilipokazwa. Pasipoti ina ukurasa unaosema kama farasi huyu ameondolewa kwenye mnyororo wa chakula au la, na chipu ndiyo inayothibitisha kwamba pasipoti uliyoshika ni ya farasi huyu na si ya mwingine. Kwa hiyo nikija usiku kumtibu farasi wako anayejigaragaza kwa maumivu ya tumbo, nitakuomba pasipoti, na nitasoma chipu. Pasipoti ikiwa imefungiwa kwenye droo ya mtu aliyekuuzia, mji mwingine, tunabaki na dawa chache za kuchagua wakati farasi anateseka. Ikae pale farasi anapokaa.

Sasa niingie kwenye kununua, kwa sababu hapa ndipo machozi yanapomwagika.

Familia moja iliniita nimkague farasi mdogo waliyekwisha kumlipia. Pasipoti ilisema ana miaka 9, mtulivu, amezoea watoto. Niliposhika skana na kuipitisha shingoni, ikalia na namba ikatokea. Tukafungua pasipoti pamoja, mimi, baba wa familia na binti yake aliyekuwa ameshika brashi. Namba hazikufanana. Si tarakimu moja iliyokosewa kuandikwa. Zilikuwa namba mbili zisizo na uhusiano. Tukaangalia na mchoro wa pasipoti, ule unaoonyesha alama nyeupe na vizunguzungu vya manyoya, yaani pale manyoya yanapojiviringisha. Mchoro ulikuwa na kizunguzungu kimoja kipajini, farasi aliyesimama mbele yetu alikuwa na viwili. Nikamfungua mdomo, nikayatazama meno: farasi huyu alikuwa mzee kuliko miaka 9, tena kwa mbali. Muuzaji, ambaye simtaji, alikuwa hapokei tena simu. Binti aliendelea kumpiga brashi bila kusema kitu. Kusoma chipu kungechukua dakika mbili, siku ile ile walipokwenda kumwona mara ya kwanza.

Kwa hiyo mnapokwenda kumwona farasi, mwambieni muuzaji mapema kwamba mtataka kuona pasipoti halisi, na mtataka chipu isomwe mbele yenu. Muuzaji mwaminifu hafadhaiki. Atakayewaambia pasipoti iko kwa mwenzake, inakuja kwa posta, mlipe kwanza, mshukuruni mrudi nyumbani, hata kama watoto wamekwisha kumpa farasi jina. Najua ni vigumu. Bado nawaomba mrudi.

Pasipoti ikiletwa, fungueni taratibu. Humo mtakuta namba mbili ndefu, na wageni wengi huzichanganya kwa sababu zote zina urefu wa herufi na tarakimu 15. Moja ni namba ya maisha ya farasi, wanaiita UELN. Iliyotolewa Uingereza huanza na 826. Hiyo imeandikwa kwenye karatasi, haimo shingoni. Nyingine ndiyo ya chipu, na kwa kawaida iko karibu na stika ya msimbopau. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi au kampuni iliyoitengeneza chipu. Zikianzia 900 kwenda juu, ni kampuni. Linganisheni ya chipu na kile kilichoandikwa kwenye kioo cha skana, tarakimu kwa tarakimu, mmoja asome kwa sauti mwingine afuatilie kwa kidole.

Skana ikikaa kimya, msikimbilie kumwita muuzaji mwongo. Pitisheni tena polepole, karibu na ngozi, kwa mwendo wa kupinda kutoka juu ya shingo kwenda chini. Msogezeni farasi mbali na mlango wa chuma, mvueni hatamu yenye vifungo vikubwa, maana chuma huvuruga mawimbi. Hakikisheni betri ya skana imejaa. Jaribuni upande wa kulia. Baada ya hapo kama bado kimya, huenda chipu imekufa, na daktari ataweka nyingine na taasisi iliyotoa pasipoti itajulishwa. Lakini hilo lifanywe na muuzaji kabla fedha haijabadili mikono.

Mkishapata namba, ipelekeni kwenye kanzidata kuu ya farasi, ambayo huku wanaiita CED. Kuna ukurasa wake uitwao ChipChecker ambapo mtu yeyote huingiza namba ya chipu akaona kama farasi huyo yumo, maelezo yake yakoje, na kama ameripotiwa kuibiwa au kupotea. Jina na anwani ya mwenyewe havionyeshwi, kwa hiyo wale mnaoogopa kwamba kila mpita njia atajua mnapoishi, tulieni. Fanyeni hivyo mkiwa bado uwanjani kwa muuzaji, kwa simu zenu.

Na nisisitize hili hata nikionekana narudia: pasipoti si hati ya umiliki. Yenyewe imeandikwa hivyo. Kinachoonyesha kwamba farasi ni wako ni risiti au mkataba wa mauziano. Andikeni namba ya chipu ndani ya mkataba huo, jina la farasi halitoshi. Farasi wenye jina Star ni wengi kuliko nyota zenyewe. Mkiweza, lipieni uchunguzi kamili wa daktari, ule wa hatua tano. Kwenye uchunguzi huo daktari asome chipu, na damu ya farasi huchukuliwa ikahifadhiwa kwa miezi 6, ili farasi akigeuka mkali ghafla wiki ya pili muweze kujua kama siku ya kumjaribu alikuwa amepewa dawa ya kumtuliza.

Farasi amefika nyumbani. Picha zimepigwa, shangazi kule Tanga amezipokea kwenye WhatsApp. Hapa ndipo kosa la pili hutokea, na hili ni la kwetu wanunuzi. Mna siku 30 za kuipelekea taasisi iliyotoa pasipoti taarifa kwamba farasi amebadili mwenyewe. Watu hawafanyi. Nimesoma chipu za farasi waliookotwa barabarani, namba ikatokea safi kabisa, na rekodi ikaniletea mtu aliyemuuza farasi huyo miaka mingi nyuma na hajui alikwenda kwa nani. Kwa sheria ya England ya mwaka 2015, mwenye ardhi akimkuta farasi asiyejulikana shambani kwake anaweza kumzuia na kutoa taarifa polisi, na saa 96 zikipita bila mwenyewe kujitokeza, anaweza kumuuza au kumpa mwingine. Saa 96 hizo ni siku nne za kazi. Simu yako ikiwa haimo kwenye rekodi, siku nne zinaisha wewe ukiwa unabandika matangazo kwenye nguzo. Mkibadili namba ya simu, sasisheni. Mkihama nyumba, sasisheni.

Huko Marekani, jimbo la Louisiana lilikuwa limekwisha kudai farasi wawe na utambulisho wa kudumu, kwa sababu ya kupima ugonjwa wa damu wa farasi, miaka mingi kabla ya kimbunga Katrina cha 2005. Maji yalipopanda na farasi wakaokolewa wakiwa wamechanganyika, waokoaji walisoma shingo na wenyewe wakapatikana. Chipu zile ziliwekwa kwa sababu nyingine kabisa. Kilichosaidia ni kwamba rekodi zilikuwepo.

Na kuna tukio la hapa hapa ambalo kila mwenye banda angelisoma. Tarehe 27 Julai 2017, kwenye uwanja wa Great Yarmouth, mbio za farasi wa miaka miwili zilishindwa na Mandarin Princess, ambaye wachezesha kamari walimpa nafasi ya 50 kwa 1, yaani hakutarajiwa kushinda. Farasi alipopelekwa kuchukuliwa sampuli baada ya mbio, chipu yake ikasomwa: hakuwa Mandarin Princess. Alikuwa Millie’s Kiss, mwenzake wa banda moja mwenye miaka mitatu, na farasi wa miaka mitatu dhidi ya wa miwili ni mkubwa dhidi ya mtoto. Farasi wote wawili walikuwa na chipu. Wote walisomwa walipofika uwanjani asubuhi. Walibadilishwa baadaye, ndani ya saa chache, na katikati hapo hapakuwa na mtu aliyesoma tena. Baada ya hapo wasimamizi wa mbio waliongeza usomaji wa pili. Kama wenye kazi hiyo kila siku wanaweza kuwachanganya farasi wawili, sisi wenye farasi mmoja kwenye banda la kukodi lenye farasi 20 wa kahawia tununue skana, au tuichangie pamoja.

Mzee wangu hapa mbele aliniuliza kabla sijapanda jukwaani: na punda wetu nyumbani je? Swali lake liliniuma, kwa sababu nimeona familia za Kenya zikiamka na kukuta punda wa kubeba maji hayupo, amechinjwa kwa ajili ya ngozi yake. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikatengua amri hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika huko Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi bara zima. Mzee, chipu peke yake isingewaokoa punda wale. Machinjioni lazima asimame mtu mwenye skana, mwenye amri ya kumrudisha mnyama asiye na rekodi, na mwenye mshahara wa kutosha asihongwe. Vijana mnaosomea kompyuta huku, kanzidata ya namna hiyo kwa punda wetu ni kazi ambayo ningefurahi sana kuwaona mkiifanya, na mimi nitaleta upande wa udaktari bila malipo.

Mwenyekiti aliwaomba mje na picha za ukurasa wa utambulisho wa farasi wenu kwenye simu, pasipoti zenyewe zibaki mabandani. Skana zangu mbili ziko mezani, na intaneti ya ukumbi inafanya kazi. Wenye picha waje upande huu tuingize namba moja baada ya nyingine tuone kama farasi wenu wamo na maelezo yao yakoje. Ambao bado hawajanunua, kaeni karibu nao mtazame.